Umechora, mbona hakuna kitu? Matatizo ya kuchora juu ya bitimapu kwa C#

Kodi imekubali, programu imefunguka, hakuna kosa lililotokea, na duara uliloagiza lichorwe halipo. Au lilikuwapo, ukashusha dirisha, ulipolipandisha limeyeyuka. Mwongozo huu ni wa anayeandika programu za Windows kwa C# na Windows Forms, akichora kwa System.Drawing. Chini ya System.Drawing kuna GDI+, maktaba ya uchoraji iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Ni mzee anayefanya kazi vizuri, ila ana tabia moja mbaya: ujumbe wake wa makosa mara nyingi hutaja jambo lisilohusiana na kosa lenyewe. Kwa hiyo usianzie kwenye ujumbe, anzia kwenye dalili.

Tenganisha vitu vitatu. `Bitmap` ni karatasi: pikseli zilizokaa kwenye kumbukumbu. `Graphics` ni mkono unaochora, na mkono haubaki na mchoro. `PictureBox` ni kioo ambacho mtu huchungulia karatasi kupitia kwake. Matatizo mengi yaliyo hapa chini hutokana na kudhani viwili kati ya hivi ni kitu kimoja.

Kipimo cha kwanza: hifadhi karatasi yenyewe

Kabla hujabadilisha chochote, weka mstari huu mara tu baada ya kuchora:

```
bmp.Save(@"C:\Temp\jaribio.png", ImageFormat.Png);
```

Lifungue faili hilo kwa programu nyingine ya kutazama picha. Mchoro ukiwemo, mkono ni mzima na ugonjwa uko kwenye kioo. Usipokuwemo, achana na `PictureBox` kabisa, urudi kwenye kodi inayochora. Dakika moja tu, na umeondoa nusu ya sababu zote. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza jioni nzima nikiongeza `Refresh()` kila mahali, kumbe nilikuwa nachora kwa rangi isiyoonekana.

Mchoro umo kwenye faili, haumo kwenye skrini

Mara nyingi `PictureBox` haijaambiwa kwamba karatasi imebadilika. Kuchora juu ya bitimapu hakuiamshi. Ni lazima uigutue:

```
using (var g = Graphics.FromImage(bmp))
{
    g.DrawEllipse(Pens.Red, 50, 50, 120, 120);
}
pictureBox1.Invalidate();
```

`Invalidate()` huweka ombi tu, na ombi hilo hutimizwa uzi (thread) wa dirisha unapopata nafasi. Ndiyo maana mchoro unaobadilika ndani ya kitanzi kirefu cha `for` huonekana hatua yake ya mwisho peke yake: uzi umebanwa na kitanzi hadi kinaisha. `Refresh()` hulazimisha upakaji papo hapo, lakini ukiiita mara elfu programu itatambaa. Kwa mchoro unaosogea tumia `Timer`, chora hatua moja kila inapolia.

Sababu ya pili ni kuwa na karatasi mbili bila kujua. Ukiandika `var bmp = new Bitmap(pictureBox1.Image)` umetengeneza nakala. Unachora kwenye nakala, mtumiaji anatazama ya awali. Irudishe nakala kwenye kioo kwa `pictureBox1.Image = bmp`.

Ya tatu hunichekesha kila ninapokutana nayo. Picha ina pikseli 4000 kwa 3000, `SizeMode` ni `Zoom`, na kisanduku kina upana wa 800. Picha nzima imepunguzwa hadi moja ya tano. Mstari wa pikseli 1 unabakiza 0.2 ya pikseli, yaani kivuli tu. Mstari upo. Ongeza unene wa kalamu hadi 8 au 10 utauona.

Mchoro unaonekana, kisha unatoweka

Angalia kama kuna `CreateGraphics()` kwenye kodi yako. Nina hakika ya karibu yote kwamba ipo. Mafunzo mengi ya wanaoanza huitumia kwa sababu ni fupi na inatoa matokeo mara moja. Lakini `pictureBox1.CreateGraphics()` inakupa mkono unaochora juu ya kioo, si juu ya karatasi. Mtumiaji akishusha dirisha kisha akalipandisha, Windows hukiamuru kisanduku kijipake upya, nacho hupaka kile kinachokijua, yaani picha iliyo kwenye `Image`. Ulichochora juu ya kioo kimefutwa kama mvuke.

Dawa zipo mbili, na kuchagua kunategemea kama mchoro ni wa kudumu. Cha kudumu, kama jina, muhuri au mshale wa kuonyesha sehemu, kichore kwenye bitimapu kwa `Graphics.FromImage`, kisha `Invalidate()`. Cha muda, kama mstatili unaomfuata mtumiaji anapovuta kipanya kuchagua eneo, kichore ndani ya tukio la `Paint` kwa kutumia `e.Graphics`. Ukikichora cha muda kwenye bitimapu, kila hatua ya kipanya itaacha mstatili wake na picha itajaa utando wa buibui. Na `e.Graphics` usiifanyie `Dispose`, yaani usiiharibu, hukuiumba wewe.

Kisanduku kimegeuka cheupe chenye X kubwa nyekundu

Kosa limetokea wakati kisanduku kinajipaka, na Windows Forms imeamua kutojaribu tena. Chanzo cha kawaida ni picha iliyokwisha kuharibiwa ilhali kioo bado kinaitazama. Ukiweka `pictureBox1.Image = bmp` ndani ya `using` inayomiliki `bmp`, umempa mgeni kiti kisha ukakivuta. Unapobadilisha picha, fuata mpangilio huu:

```
var zamani = pictureBox1.Image;
pictureBox1.Image = mpya;
zamani?.Dispose();
```

Hata faili halina mchoro

Tazama rangi kwanza. `Color.FromArgb(0xFF0000)` inaonekana kama nyekundu kwa aliyezoea kurasa za wavuti, lakini namba hiyo husomwa alfa ikiwa mbele, yaani kiwango cha rangi kuziba kilicho chini yake, na hapa alfa ni 00. Umepata nyekundu iliyo wazi kabisa, isiyoonekana. Andika `Color.FromArgb(255, 0, 0)`. Yenye sehemu tatu hujaza alfa kamili, 255, yenyewe.

Kifutio kina mtego wa jinsi hiyo hiyo. Kupaka `Color.Transparent` juu ya mchoro hakufuti chochote, maana kwa kawaida GDI+ huchanganya rangi mpya na ya chini, na kuchanganya na kisichokuwepo ni sawa na kutofanya kitu. Weka `g.CompositingMode = CompositingMode.SourceCopy` kabla ya kupaka, rangi ya chini itabadilishwa badala ya kuchanganywa.

Na mstatili wa fremu uliopoteza upande wa kulia na wa chini: `DrawRectangle` yenye upana w hufika hadi pikseli ya w, wakati pikseli ya mwisho ya karatasi ni w−1. Ondoa 1 kwenye upana na urefu.

"A Graphics object cannot be created from an image that has an indexed pixel format."

Huu ni mmoja wa ujumbe wachache wa kweli. Picha yako, mara nyingi GIF au PNG ya rangi chache, haihifadhi rangi kwenye kila pikseli bali namba ya rangi kutoka kwenye orodha isiyozidi rangi 256. Mkono hauwezi kuchora hapo. Ihamishie kwenye karatasi ya kawaida:

```
Bitmap bmp;
using (var asili = Image.FromFile(njia))
{
    bmp = new Bitmap(asili);
}
```

Nakala hii inatoka na biti 32 kwa pikseli. Ikumbuke kodi hii, kwa sababu itarudi kama dawa ya ugonjwa mwingine, na yenyewe italeta mmoja.

Maandishi makubwa kupita kiasi, nembo imevimba

Niliwahi kuandika programu ya vitambulisho vya wanafunzi wa shule moja: picha ya mtoto, jina chini, nembo pembeni. Kwangu kila kitu kilikaa sawa. Wiki ya pili mwalimu akapiga simu: "Fundi, mbona majina ya watoto wengine yamevuka kadi?" Nikaenda kuangalia. Kweli, darasa moja majina yalikuwa ya wastani, darasa la pili yalikuwa kama bango la duka, na kodi ilikuwa ile ile, fonti ya 12. Tofauti pekee ilikuwa kwamba picha za darasa la pili zilipigwa kwa kamera nyingine.

Kila bitimapu hubeba namba ya DPI, yaani nukta ngapi zihesabiwe kuwa inchi moja. `Graphics.FromImage` huirithi namba hiyo. Fonti ukiipa ukubwa wa 12 bila kusema kipimo, hiyo ni pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Kwenye picha ya DPI 96, pointi 12 zinakuwa pikseli 16. Kwenye picha ya DPI 300 zinakuwa pikseli 50. Picha zote mbili zinaweza kuwa na idadi sawa ya pikseli na zikaonekana sawa kabisa kwenye skrini, hadi uandike neno juu yake. Kamera ya kwanza iliandika 96 ndani ya faili, ya pili 300. Sema kipimo waziwazi:

```
using var fonti = new Font("Arial", 16, GraphicsUnit.Pixel);
```

Nembo nayo ina kisa hicho hicho. `g.DrawImage(nembo, 10, 10)` haichori pikseli za nembo kama zilivyo; inajaribu kulinda ukubwa wake wa inchi. Nembo ya upana wa pikseli 200 yenye DPI 72, ikiwekwa kwenye karatasi ya DPI 300, inatoka na upana wa pikseli 833. Taja upana na urefu mwenyewe: `g.DrawImage(nembo, 10, 10, nembo.Width, nembo.Height)`. Mimi siku hizi siiti kabisa ile yenye namba mbili.

Ugonjwa unaoletwa na `new Bitmap(asili)` ndio huu: nakala haibebi DPI ya asili, bali huchukua ya skrini, ambayo kwa kawaida ni 96. Kwa skrini haina shida. Kwa kazi ya kuchapa kwenye karatasi, rudisha namba kwa `bmp.SetResolution(asili.HorizontalResolution, asili.VerticalResolution)` ungali ndani ya `using`. Nakala hupoteza pia maelezo yaliyoambatana na picha, likiwemo la upande gani simu ilikuwa imeshikwa. GDI+ haiizungushi picha kwa kulifuata maelezo hayo, kwa hiyo picha iliyopigwa simu ikiwa wima inaweza kutokea imelala. Soma sifa namba 0x0112 kwenye picha ya asili: 3 ni kugeuza nyuzi 180, 6 ni 90 kwa mwendo wa saa, 8 ni 270. Zungusha kwa `RotateFlip`, ndipo uchore.

Unabofya hapa, mchoro unatokea pale

`SizeMode` ikiwa `Zoom`, kipanya kinakupa vipimo vya kioo, wewe unachora kwa vipimo vya karatasi. Chukua picha ya 4000 kwa 3000 ndani ya kisanduku cha 800 kwa 700. Upana unataka uwiano wa 0.2, urefu unataka 0.233, hutumika ulio mdogo, 0.2. Picha inaonekana kwa 800 kwa 600, na juu na chini zinabaki pikseli 50 tupu kila upande. Mtumiaji akibofya (100, 150), karatasini ni (100 ÷ 0.2, (150 − 50) ÷ 0.2), yaani (500, 500).

```
float k = Math.Min((float)pb.ClientSize.Width / bmp.Width,
                   (float)pb.ClientSize.Height / bmp.Height);
float kushoto = (pb.ClientSize.Width - bmp.Width * k) / 2;
float juu = (pb.ClientSize.Height - bmp.Height * k) / 2;
var p = new PointF((e.X - kushoto) / k, (e.Y - juu) / k);
```

Hiyo `(float)` usiisahau. Bila hiyo, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hukata desimali, 0.2 inakuwa 0, na mstari wa mwisho unagawanya kwa sifuri. Kwa desimali hakuna kosa litakalotupwa. Utapata namba isiyo na maana, na ukimya tena.

"A generic error occurred in GDI+."

Kosa la jumla, ndivyo linavyosema, na halikuongopa. Likitokea kwenye `Save`, jiulize swali moja kwanza: je, unahifadhi juu ya faili lile lile ulilofungua? `Image.FromFile` hulikamata faili hadi picha iharibiwe. Unaweza kuchora utakavyo, lakini kuandika juu yake, la. Dawa ni ile kodi ya `new Bitmap(asili)` hapo juu: `using` inaliachilia faili, nakala inabaki mikononi mwako.

Ukifungua kwa `Image.FromStream`, mambo yanageuka: mkondo ule lazima ubaki wazi muda wote picha inapoishi. Ukiufunga mapema, picha itaonekana nzima kwenye skrini, ije ikushangaze saa ya kuhifadhi. Nakala hutibu hili pia.

Faili likiwa huru, angalia folda. Haipo? Huna ruhusa ya kuandika ndani yake? Programu iliyosakinishwa ndani ya Program Files haiwezi kujiandikia humo kwa mtumiaji wa kawaida. Kwako wewe unayeendesha ukiwa kwenye folda ya mradi kila kitu kitakubali, kwa mteja kitakataa.

Jambo dogo linalohusiana: `bmp.Save("kadi.jpg")` bila kutaja aina haitengenezi JPEG kwa bitimapu uliyoiumba mwenyewe. Inaandika PNG yenye jina la jpg. Taja `ImageFormat.Jpeg`. Ukifanya hivyo, kumbuka JPEG haina uwazi. Sehemu tupu zitatoka nyeusi usipoanza na `g.Clear(Color.White)`. Kwa picha yenye maandishi mengi ningehifadhi PNG, maana JPEG huzungushia herufi vumbi.

"Out of memory." na kumbukumbu tele

Huu ndio ujumbe ulionipotezea muda kuliko wote. `Image.FromFile` huutoa faili linapokuwa si picha inayoifahamu. Picha ya WebP iliyoshushwa kutoka mtandaoni kisha ikabadilishwa jina kuwa .jpg inaweza kukupa ujumbe huo, hata kompyuta ikiwa na gigabaiti 32. `Bitmap.Clone` nayo huutoa ukiomba kukata eneo linalovuka ukingo wa picha. Katika hali zote mbili, kununua kumbukumbu ni kumpa panadoli mtu aliyevunjika mguu.

Ila kuna siku kumbukumbu huisha kweli. Picha ya 4000 kwa 3000 kwa biti 32 inakula baiti 48,000,000, hata kama faili lake la JPEG lina megabaiti 3. Mkusanya taka (garbage collector) wa .NET anaiona `Bitmap` kama kitu kidogo, kwa sababu pikseli ziko nje ya eneo lake, hivyo haharakishi kuisafisha. Programu ya biti 32 yenye nafasi ya gigabaiti 2 haifikishi picha 45 za namna hiyo, na ujumbe ukija huenda ukawa "Parameter is not valid." Kila `Bitmap`, `Graphics`, `Pen`, `Brush` na `Font` uliyoiumba mwenyewe, ifungie ndani ya `using` au iite `Dispose`. `Pens.Red` na wenzake ni wa mfumo, waache.

Kama programu inakufa baada ya saa kadhaa na kumbukumbu haijapanda sana, fungua Task Manager, sehemu ya Details, uongeze safu ya GDI objects. Kikomo cha kawaida ni 10,000 kwa programu moja. Ukiona namba inapanda bila kushuka, tafuta `GetHbitmap()`: kila kiitwacho kinataka `DeleteObject` ya Windows yenyewe, `Dispose` ya bitimapu haikigusi.

Mengine kwa haraka

Ngazi kwenye duara na mistari ya mshazari: `g.SmoothingMode = SmoothingMode.AntiAlias`. Herufi zenye kingo chafu kwenye karatasi yenye uwazi: ni ClearType, mbinu ya Windows ya kulainisha herufi, inayohitaji kujua rangi ya nyuma, weka `TextRenderingHint.AntiAliasGridFit`.

Ukiingia kwenye pikseli moja kwa moja kwa `LockBits`, na utaingia, kwa sababu `SetPixel` ni konokono, picha ikitoka imelala mshazari ujue umepuuza `Stride`, yaani idadi ya baiti za safu moja ya pikseli kutoka kushoto hadi kulia. Kila safu hujazwa hadi igawanyike kwa 4: upana wa 101 kwa baiti 3 ni 303, lakini safu inachukua 304. Baiti moja ya ziada kila safu, na picha inateleza. Nyekundu na bluu zikibadilishana nafasi, ni kwa kuwa baiti hupangwa bluu, kijani, nyekundu.

"Object is currently in use elsewhere." maana yake nyuzi mbili zimeishika bitimapu moja, kwa kawaida mmoja unachora nyuma na mwingine ni wa dirisha unaoonyesha. Mpe kila mmoja karatasi yake: wa nyuma achore kwenye nakala, amalize, kisha aikabidhi kwa `Invoke`.

Na kama sehemu ya kuchora umeitoa kwenye programu ya mezani ukaipeleka kwenye seva ya Linux, ikafa mara tu inapogusa `Bitmap`, usitafute kosa kwenye kodi yako. Tangu .NET 6, mwaka 2021, System.Drawing.Common inatumika kwenye Windows tu. Mlango mdogo wa kuiruhusu kwingine ulibakizwa kwenye toleo hilo, ukafungwa na .NET 7. Sehemu hiyo iandike upya kwa SkiaSharp, maktaba nyingine ya uchoraji. Karatasi huko inaitwa `SKBitmap`, mkono unaitwa `SKCanvas`.